Kuoshwa kwa Kompyuta ya Siwatu

Mvumo ulimfikia Ngwali kabla hajaona paa hata moja. Ulianza kama nyuki waliochokozwa mahali fulani nyuma ya vilima, ukawa kinu cha kusaga unga, kisha ukamjaa kifuani mpaka meno yakamcheza. Alidhani ni vita. Alikuwa kijana mwenye majivuno na hasira za karibu, mtembezi wa nchi za watu, na vita havikumtisha. Alikaza mkanda wa begi lake akapanda kilima cha mwisho kwa hatua za mtu aliyealikwa.

Vita havikuwepo. Palikuwa na mji mweupe, safi, uliotulia, na ngurumo ile ilitoka katika kila dirisha lake.

Hiyo ndiyo nchi ya Mvumo.

Mpakani afisa alimwekea mdomo sikioni, maana huko watu huzungumza hivyo, akapiga kelele: "Una kompyuta?"

"Ninayo!"

"Iwashe tuisikie!"

Ngwali akaitoa. Ilikuwa ya zamani, kona zimechubuka, herufi za kibodi zimefutika kwa kuandikiwa. Aliiweka juu ya meza tupu, akaiwasha. Afisa akainamisha sikio. Akamwita mwenzake, naye akainamisha la kwake. Wakatazamana, kisha wakavua kofia.

"Pole sana, ndugu yetu. Imefariki lini?"

"Nani?"

"Marehemu," afisa akasema, akiionyesha kompyuta kwa kidole kilichokunjwa, kama inavyoonyeshwa maiti.

"Hii? Hii nzima! Tazama, naandika jina langu. Hilo hapo. Unasoma au husomi?"

Afisa akamgeukia mwenzake. "Ndivyo wasemavyo wote. Usimbishie, kidonda bado kibichi."

Ngwali alibisha, alipiga meza, aliapa. Kadiri alivyopandisha sauti ndivyo walivyozidi kumsikitikia. Mwishowe walimfunga kitambaa cheusi mkononi, alama ya mfiwa, wakamweleza sheria: mfiwa halali nyumba ya wageni asije akawaharibia wengine raha. Hulala kwa mtu ambaye kompyuta yake ni mgonjwa wa kufa, ili wafarijiane. Mgonjwa wa kufa mjini alikuwa mmoja tu siku hiyo, kwa mwanamke aitwaye Siwatu, mtaa wa pili baada ya soko.

Njiani Ngwali alitazama kwa macho ya mtu atakayekuja kusimulia, na haya ndiyo aliyoyaona na kuelezwa.

Watu wa Mvumo wanaamini kwamba kompyuta hufikiri kwa sauti. Inayonguruma sana inafikiri sana. Inayonyamaza imekufa, au ni mjinga, na hakuna aliyewahi kuona sababu ya kuzitofautisha hali hizo mbili. Kwa hiyo heshima ya mtu hupimwa kwa ngurumo ya mashine yake. Wanong'onezi huketi nyuma kwenye harusi, Wavumaji katikati, Wangurumaji mbele, karibu na pilau. Bwana mmoja aliyeketi mbele kuliko wote alikuwa na mashine yenye nafasi ya kuhifadhi maandishi yote ya bandari kubwa na majina ya meli zake. Ngwali alipomuuliza anaitumia kwa kazi gani, alijibu kwa fahari kwamba anaitazamia saa.

Kwa kuwa ni kitu cha heshima, kompyuta ya Mvumo haikai mezani. Inalazwa juu ya mto wa hariri uliojaa sufi, imezama humo mpaka mbavuni. Juu yake hufunikwa kitambaa cha kufuma, cheupe, chenye maua pembeni. Chini ya kitambaa bado imevaa nailoni ile iliyotoka nayo dukani, maana kuivua nailoni ni kutangaza kwamba kitu chako kimeshazeeka. Wenye nyumba huketi sakafuni. Vumbi linaloingia ndani haliguswi. Linaitwa umri. Na kuifungua kompyuta ni kumvua nguo mzazi wako hadharani: kitambaa hushonwa kwa uzi wa serikali, na ukikatwa uzi huo, mashine inachukuliwa.

Mashine zilizolazwa hivyo hupata joto. Joto hilo limezaa vyama viwili. Chama cha Jasho husema joto ni jasho la akili. Chama cha Mapenzi husema ni upendo wa mashine kwa mwenyewe. Wamebishana tangu enzi za mababu, wameoana na kuachana kwa ajili yake, na hakuna upande uliowahi kuingiza mkono chini ya mto.

Sokoni alisimama mtangazaji wa habari za mashine, kijana mwenye kipaza sauti na koti la njano, akiimba:

*Imefika imefika, mashine ya mwaka huu,*
*Feni zake zazunguka, mvumo wafika juu,*
*Jirani atashituka, ajue wewe mkuu,*
*Ya jana umeichoka, ikanyage kwa miguu!*

Watu walishangilia. Ngwali, ambaye beti alizijua, alikiri moyoni kwamba vina vilikuwa vimekaa sawasawa. Uongo wenyewe ndio uliomkera.

Siwatu alimfungulia mlango akiwa na unga mikononi. Alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Alikitazama kitambaa cheusi.

"Pole na msiba."

"Dada, sina msiba!"

"Basi karibu hivyo hivyo. Wali upo. Mimi wa kwangu unanijia kesho."

Ndani, juu ya mto mwekundu wa hariri, ililala kompyuta yake, imefunikwa kitambaa, inanguruma kwa kukwamakwama kama mzee mwenye pumu. Karibu nayo aliketi mwanamume mrefu, mabega mapana, maranda ya mbao yamemnasa kwenye nywele. Huyo alikuwa Shaame, mdogo wake Siwatu, seremala, naye alikuwa kiziwi tangu kuzaliwa. Katika nyumba zote za Mvumo hiyo ndiyo pekee ambayo watu hawakupigiana kelele. Siwatu na ndugu yake walizungumza kwa mikono, upesi, kwa vicheko na mabishano, na Ngwali alisimama akiwatazama mpaka wali ukapoa.

Shaame alimkagua mgeni, kisha akatunisha kifua na kuinua kidevu.

"Anasemaje?" Ngwali akauliza.

"Amekupa jina. Kila mtu ana jina lake la mkono. Lako ni hilo."

"Mimi ndivyo nilivyo?"

Siwatu akacheka mpaka akashika ukuta. "Kaka, ndivyo ulivyosimama hivi sasa."

Ngwali akakishusha kifua. Kikapanda tena chenyewe.

Baada ya kula Siwatu alimweleza ugonjwa wenyewe. Mwaka uliopita jirani alihamisha ukuta wake ukameza nusu ya karakana ya Shaame. Shaame alikwenda Barazani akaeleza kwa mikono, kila kitu, tangu msingi hadi tofali la mwisho. Baraza lilimjibu kwamba mikono si ushahidi, na kwamba mtu asiyesikia ngurumo hawezi kumiliki kompyuta, na asiyemiliki kompyuta hana kauli. Atafute mwenye masikio amsemee. Siwatu akasimama akawaambia kuwa hiyo ni lugha kama lugha yao. Bibi Mkuu wa Baraza, mwanamke mwenye haki lakini mgumu, akamwambia: kama ni lugha, ina maneno. Niletee maneno yake yote, niyaone tangu la kwanza hadi la mwisho katika kikao kimoja. Nikiyaona, kila kiziwi wa nchi hii atakuwa na kauli yake.

"Nikaanza kupiga picha," Siwatu akasema. "Mikono ya Shaame, mikono ya watoto viziwi ninaowafundisha, mikono ya wazee waliozaliwa viziwi na ambao wengine sasa wako kaburini. Kila neno na picha yake inayotembea. Yote yamo humo." Akauelekeza mdomo kwenye mto. "Nimeyapeleka Barazani mara mbili. Mara zote mbili mashine imenguruma vizuri, watu wakapiga makofi, halafu katikati ikazima. Kesho ndiyo mara ya mwisho. Ikizima tena, sheria inasema imekufa, na inakwenda Shimoni, kaburi la mashine, pamoja na vilivyomo."

"Nakala umeweka wapi?"

Siwatu akamtazama kana kwamba ametukana. "Nakala? Huku kwetu kuinakili kompyuta ni kuisengenya. Nani atanikubalia?"

Kabla Ngwali hajajibu, mlango uligongwa kwa mateke, kama wanavyogonga huko ili wasikike, akaingia Bwana Kishindo, Mpima Mkuu wa Ngurumo. Alikuwa mtu wa tumbo na manukato, na shingoni alibeba baragumu refu la shaba. Aliweka upande mpana kwenye kitambaa, mwembamba sikioni, akafumba macho.

"Aaah. Inatetemeka. Bi Siwatu, nakwambia kama ndugu: usimtese mgonjwa. Mashine ya mwaka huu ina feni zaidi, inasikika mpaka kisimani. Ichukue, hii uiage."

"Na maneno yangu, Bwana Mpima? Yataingia yenyewe katika hiyo mpya?"

"Maneno ya mikono?" Kishindo akacheka kwa upole wa kuudhi. "Mama, maneno yasiyo na sauti utayakosaje?"

Shaame, aliyekuwa akimtazama midomo, alijaza mashavu upepo akayabana kwa vidole viwili. Siwatu alijikuna pua kuficha kicheko. Ngwali hakuhitaji kutafsiriwa kwamba hilo ndilo jina la Bwana Mpima.

"Na huyu ndiye mfiwa?" Kishindo akageuka. "Kijana, zika. Kutembea na maiti begini si afya."

"Bwana," Ngwali akasema, "maiti wangu ameandika kurasa kumi leo asubuhi. Wako, anayesikika kisimani, ameandika ngapi?"

"Huzuni," Kishindo akamwambia Siwatu, akiondoka. "Huzuni humfanya mtu awe mkali."

Mlango ulipofungwa, Ngwali aliifungua kompyuta yake sakafuni kwa ghadhabu, ili tu aione inafanya kazi. Shaame akajongea. Watu wa Mvumo huikaribia mashine kwa sikio. Yeye aliikaribia kwa kiganja. Alikiweka ubavuni, penye matundu, akakaa hivyo. Kisha akaupeleka mkono mwingine kwenye ile iliyolala juu ya mto, akautafuta ubavu wake ndani ya hariri, chini ya nailoni. Akatoa mkono haraka kama aliyeungua. Akamgeukia dada yake, mikono ikaanza kukimbia.

"Anasema yako inapumua," Siwatu akatafsiri polepole. "Anasema pumzi yake inatoka hapa, ina vuguvugu. Ya kwetu... ya kwetu imezibwa pua."

Ngwali akajipiga paji la uso. "Mto! Dada, ni huo mto! Kompyuta inavuta hewa kwa chini na kuitoa ubavuni. Wewe umeizika kwenye sufi, umeivika nailoni, umeitandikia na shuka juu. Ile feni hailii kwa akili, inalia kwa kukosa hewa! Ikizidi joto inajizima yenyewe isiungue. Haifi. Inajiokoa." Alikuwa ameshaushika uzi wa serikali. "Lete kisu."

"Usithubutu!" Siwatu akamdaka mkono. "Uzi ukikatwa, wanaichukua kabla ya kikao. Hakuna mtu anayeivua kompyuta nguo katika nchi hii."

"Hata siku moja?"

"Siku ya kuoshwa tu. Ikifa Barazani, inalazwa kwenye ubao, inavuliwa, inaoshwa, inapelekwa Shimoni."

"Nani anayeiosha?"

"Mwenyewe haruhusiwi, mkono wake utatetemeka. Anaiosha mtu mwingine mwenye msi..." Neno lilimfia mdomoni. Alikuwa anakitazama kitambaa cheusi kwenye mkono wa Ngwali.

Ngwali naye akakitazama. Alikuwa amekichukia tangu mpakani. Sasa alikikaza fundo.

"Dada Siwatu," akasema, "nimefiwa sana."

Wakacheka wote watatu, Shaame akicheka zaidi, kwa sauti yake kubwa ambayo yeye mwenyewe hajawahi kuisikia. Kisha Shaame akauliza jambo kwa mikono na kicheko kikaisha.

"Anauliza, na isipoamka?"

Ngwali angependa kujisifu. Badala yake akasema kweli. "Mwambie joto la muda mrefu huua kweli wakati mwingine. Sijui kama hii imefika huko. Nikiwa ndani yake nitajua."

Shaame akafikiri. Kisha akaleta sanduku lake la kazi, akatoa bisibisi ndogo kuliko zote na brashi laini ya kupakia vanishi, ambayo haijawahi kuguswa na vanishi, akampa mgeni.

Asubuhi uwanja wa Baraza ulijaa. Kila mtu alikuja na kompyuta yake juu ya mto wake, kwa hiyo ngurumo ilikuwa ya kusimamisha nywele. Bibi Mkuu, mwembamba, mvi zimesukwa, aliketi kwenye kiti kigumu. Viziwi wa mji walisimama nyuma kabisa, karibu na mabanda ya mbuzi, mahali walipopangiwa.

Kompyuta ya Siwatu ilibebwa juu ya mto wake mwekundu, kitambaa kikakunjwa upande wa skrini tu, ikawashwa. Ilinguruma. Watu wakashangilia. Picha yake ilitupwa kwenye ukuta mweupe na mikono ikaanza kusema: maji, mama, mbao, mchana, mgomvi. Neno likafuata neno. Ngurumo ikapanda. "Sikia akili hiyo!" mtu wa Chama cha Jasho alilia. "Sikia mapenzi!" akajibu wa Mapenzi, na wakaanza kusukumana. Siwatu hakumtazama mtu. Alikuwa ameshikana mkono na ndugu yake.

Katikati ya neno, mkono ukiwa umeinuliwa na haujashuka, ukuta ukawa mweupe.

Bwana Kishindo alikwenda na baragumu lake. Alisikiliza kwa muda mrefu, kwa haki yake lazima isemwe hivyo, kisha akasimama. "Imefariki."

Nyuma, kwenye mabanda, viziwi walishusha mikono.

"Naomba kuiosha," Ngwali akasema.

"Nani huyu?"

"Mfiwa, Bibi Mkuu. Kitambaa hiki nilifungwa na afisa wenu."

Kishindo akapinga. "Huyu ni mgeni! Tena mjeuri."

"Sheria inasema mfiwa," Bibi Mkuu akasema. "Haisemi mfiwa mpole. Aoshe."

Ukaletwa ubao wa kuoshea. Ulikuwa wa fito zilizopishana nafasi, umeinuliwa juu ya miguu minne, mkavu, upepo unapita chini yake. Ngwali aliutazama akatikisa kichwa. Katika nchi nzima, mahali pekee panapofaa kuweka kompyuta walikuwa wamepatengea maiti.

Alikata uzi. Alikiondoa kitambaa, akaikunja nailoni iliyokuwa imeanza kunata kwa moto, akaitoa betri, akailaza kwenye ubao. Watu wengine walifunika macho. Akafungua skrubu moja baada ya nyingine, akaziweka kwenye kofia yake. Kifuniko cha chini kiliponyanyuka, uwanja mzima ulivuta pumzi: umri ulikuwa umejaa humo, mzito, wa kijivu, umeshikana kama blanketi.

Mtumishi akaja na ndoo ya maji ya mawaridi.

"Rudisha!" Ngwali akanguruma kuliko mashine zao. "Maji hapana! Hata tone!"

"Tumeosha kwa maji siku zote," Kishindo akasema.

"Na ni ngapi zilizoamka?"

Kishindo akaanza kulifuta baragumu lake, na waliosimama karibu waliliona hilo.

Ngwali alimkaribisha Shaame. Bibi Mkuu hakukataza, kwa kuwa Shaame hakuwa mwenye kompyuta, sheria yenyewe ilisema hivyo. Shaame aliizuia feni kwa njiti ya kiberiti isije ikazungukazunguka, Ngwali akapitisha brashi, taratibu, kutoka ndani kwenda nje, akipuliza kwa pampu ndogo ya mpira ya kubinya. Blanketi likatoka vipande vipande. Chini yake matundu yakaonekana, safu nzima, safi, ambayo hakuna jicho la Mvumo lililowahi kuyaona. Walisubiri ipoe. Lilikuwa jambo gumu kuliko yote, kwa maana watu walizomea, na kijana yule wa majivuno alilazimika kusimama kimya akitazama chuma kinapoa.

Akarudisha skrubu. Akarudisha betri. Akawasha.

Hakuna kilichosikika.

"Bado imefariki," Kishindo akatangaza. "Tuipeleke Shimoni."

Shaame alikuwa ameweka kiganja ubavuni. Uso wake haukubadilika kwa kitambo. Kisha aliuinua mkono mwingine juu, wazi, vidole vimetawanyika, na nyuma kwenye mabanda watu wote wasiosikia wakainua mikono yao kwa pamoja, kwa sababu wao walielewa kabla ya yeyote mwenye masikio.

Ukuta ukajaa mikono.

Siwatu akapiga kigelegele kilichokata ngurumo yote ya uwanja. Akaanza tena tangu neno la kwanza, maana ilitakiwa kikao kimoja. Maji, mama, mbao. Watu walichoka kupigiwa kelele na mashine zao wenyewe, na joto likiwatoa jasho, wakaanza kuzizima mmoja mmoja ili watazame. Ngurumo ya Mvumo ikapungua, ikapasuka, ikabaki mashine mbili, ikabaki moja, ya yule bwana wa saa, mpaka mkewe alipoichomoa. Kisha kikaja kitu ambacho wengi walikuwa hawajawahi kukutana nacho. Mtoto alikohoa. Mbuzi akalia. Kishindo akameza mate na kila mtu akamsikia.

"Hairuhusiwi," akasema, na sauti yake, ikiwa peke yake, ilikuwa nyembamba ajabu. "Bibi Mkuu, mashine hii ni maiti kisheria. Maiti haitoi ushahidi. Haingurumi! Tutajuaje kuwa inafikiri?"

"Kwa kazi yake!" Ngwali akasema. "Kwani wewe mkeo ukimuuliza jambo akakujibu, unamwambia angurume kwanza?"

Uwanja ukaangua kicheko. Kilikuwa kicheko cha kwanza walichokisikia wote kwa pamoja, nacho kiliwashtua, wakacheka tena.

"Bwana Mpima," Bibi Mkuu akasema, "nimekaa hapa nimeona neno la deni, la shamba, la kiapo na la ukuta. Kama hii ni maiti, basi inajua kesi zangu kuliko makarani wangu. Keti."

Hakukuwa na pa kuketi. Kishindo alitazama huku na huku, kisha akauchukua mto mwekundu uliobaki mtupu, akaukalia. Uso wake ulibadilika. Yamkini alikuwa hajawahi kukalia hariri maishani. Jirani yake akamwona, akaiweka kompyuta yake juu ya tofali mbili, pengo katikati, akaukalia wake. Ikawa hivyo uwanja mzima: mashine juu ya mbao, juu ya mawe, juu ya sinia zilizopinduliwa, na watu wa Mvumo wameketi juu ya mito yao, wamestarehe kama mabwana harusi, wanatazama ukutani lugha ya majirani zao. Watoto walikuwa wameshaanza kuyaiga maneno. Yule mtangazaji wa koti la njano alikuwa ameweka kipaza sauti chini ili mikono yake miwili ipate nafasi.

Neno la mwisho lilipopita na ukuta ukatulia, Siwatu hakupiga kigelegele. Alichomeka flashi ya kwanza katika fungu lililotoka begini mwa Ngwali, mbele ya Baraza zima, akanakili kila kitu, akaichomoa, akachomeka nyingine. Aliendelea kunakili, akiwagawia viziwi, wenye masikio, hata mtu wa Jasho na mtu wa Mapenzi, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba anasengenya.

"Kauli wanayo," Bibi Mkuu akatangaza. "Tangu leo, na mtu asiniulize tena."

Viziwi walikuja mbele kutoka mabandani, wakiwapita watu walioketi, na walipomfikia Ngwali kila mmoja alitunisha kifua na kuinua kidevu. Alipokea heshima hiyo kifua kikiwa mahali pake pa kawaida, juu kabisa. Siwatu alimkata kitambaa cheusi mkononi kwa meno.

Shaame alibaki amesimama mbele ya kiti cha Bibi Mkuu. Alisema kwa mikono, polepole, kwa adabu, bila kumgeukia dada yake. Alisema juu ya ukuta. Bibi Mkuu alifuata vidole vyake kwa macho yaliyokunjamana, akashika neno hapa, akapoteza matatu pale, akashika tena. Mwishoni, kwa mazoea, alimwangalia Siwatu ili atafsiriwe. Siwatu aliikunja mikono yake kifuani akaangalia mbuzi.

Bibi Mkuu akashuka kwenye kiti chake kigumu, akasimama uso kwa uso na seremala, akachukua flashi kutoka kwa Siwatu akaifunga ndani ya ngumi.

"Shaame," akasema kwa sauti, katika uwanja uliokuwa kimya kiasi kwamba kila mtu alisikia, na mkono wake wa kulia ulikuwa unapapasa hewani ukiyatafuta maneno, unakosea, unaanza tena, "nakuahidi: siku nitakayokuhukumia huo ukuta, sitamhitaji dada yako."